Koma Isiyotamkwa: Alama za Maelfu na Desimali katika Majedwali ya Kiswahili



Walioona kichwa cha mhadhara huu kwenye ubao wa matangazo huenda walidhani kuwa wamekosea ukumbi. Mambo ya desimali yana idara yake, na idara hiyo iko upande wa pili wa chuo. Naomba mnivumilie. Nitajaribu kuonyesha kwamba alama ndogo tunazoziweka kati ya tarakimu ni sehemu ya tahajia ya Kiswahili, na kwamba, kutokana na jinsi lugha yetu inavyozitaja hesabu, alama hizo zina kazi kubwa zaidi katika maandishi yetu kuliko katika maandishi ya lugha ambazo kwazo tulizipokea.

1.0 Jedwali la Muze

Muze ni kata iliyomo katika Wilaya ya Sumbawanga, mkoani Rukwa. Iko chini, katika bonde la Ziwa Rukwa. Atokaye Sumbawanga mjini hupitia Ntendo juu ya uwanda wa Ufipa, kisha huteremka ukuta wa Lyamba lya Mfipa kwa barabara yenye kona nyingi, kutoka kwenye baridi ya meta 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari hadi kwenye joto la meta 800 na kitu. Juu hulimwa mahindi, maharage na ulezi. Chini hustawi mpunga na ufuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhariri wa kijitabu cha kujisomea kwa watu wazima. Tulitaka somo moja la kijitabu hicho liwe juu ya kusoma majedwali, na badala ya kubuni mifano tukaomba kutumia daftari halisi la kikundi cha wakulima wa ufuta wa huko bondeni. Jedwali lilikuwa rahisi: jina la mkulima, ekari, mbegu kwa kilo, mavuno kwa kilo. Mstari mmoja ulisema kuwa mkulima fulani alilima ekari 6, akapewa mbegu 12.000, akavuna 1,500.

Nilipouona mstari ule niliona jambo moja tu, kwamba safu mbili zinazofuatana zimetumia alama mbili tofauti. Katika safu ya mbegu palikuwa na nukta. Katika safu ya mavuno palikuwa na koma. Nikafanya ambalo wahariri wengi hulifanya bila kufikiri mara mbili: nikasawazisha. Nukta zote za safu ya mbegu zikawa koma, na jedwali likapendeza.

Prufu ilipokuwa tayari tuliipeleka Muze ili isomwe kwa sauti na watu ambao kijitabu kiliandikwa kwa ajili yao. Mama mmoja aliusoma mstari ule polepole, akarudia, kisha akaniuliza: “Mwalimu, huyu alipanda kilo elfu kumi na mbili akavuna elfu moja na mia tano. Mwaka uliofuata alirudi shamba kufanya nini?”

Darasa zima lilicheka, nami nilicheka pamoja nao, lakini kicheko changu kilikuwa cha fedheha. Ufuta huhitaji kilo 2 hivi za mbegu kwa ekari. Ekari 6 ni kilo 12, na hizo ndizo alizopewa mkulima yule. Mbegu zilipimwa kwa mizani ya dijitali, ambayo huonyesha tarakimu tatu baada ya nukta, kilo na gramu zake. Karani mwaminifu alinakili alichokiona, sifuri zote tatu. Mavuno yalipimwa gunia kwa gunia kwa mizani ya kuning’iniza, yakajumlishwa kwa mkono, na karani huyo huyo akaweka koma ya maelfu. Daftari halikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa langu. Laiti kichwa cha safu kingesema gramu badala ya kilo, koma yangu ingekuwa kweli tupu.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mbegu zile zilitolewa kwa mkopo. Safu ya mbegu ilikuwa ndiyo safu ya deni. Katika kijitabu cha kujisomea kosa lile huleta kicheko. Katika fomu inayopelekwa mjini kujumlishwa na mtu ambaye hajawahi kuishika punje ya ufuta mkononi, hugeuka deni ambalo halikukopwa. Mtu mwenye kulijua zao huisoma namba kwa kulijua zao hilo, na alama humpita tu. Jedwali limewekwa kwa ajili ya yule asiyelijua.

Sababu ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wa lugha. Mama yule aliligundua kosa aliposoma kwa sauti. Mimi nilikuwa nimelipitia jedwali lile kwa macho mara nne.

2.0 Neno hufungua, alama hufunga

Tazameni namba 25,300. Kiingereza huitaja kwa kuanza na ishirini na tano, kisha neno la elfu, kisha mia tatu. Yaani neno la elfu hutamkwa pale pale iliposimama koma, na msomaji akifika kwenye koma huwa amefika kwenye neno. Kiswahili husema elfu ishirini na tano, mia tatu. Neno elfu hutangulia, idadi ya maelfu hufuata, na mahali ilipo koma mdomo hauna neno la kusema. Kuna kituo kidogo tu cha pumzi. Baadhi ya vitabu vyetu vya sarufi huiita koma kipumuo, na sijui kama waliolichagua jina hilo walifikiria tarakimu, lakini hapa jina limeangukia mahali pake.

Matokeo ya mpangilio huu tunayajua sote, ingawa tumeyazoea hata hatuyaoni. Mtu akisema “elfu ishirini na tano”, je, amekusudia 25,000 au 20,005? Kwa kawaida tunaelewa 25,000, kwa kuwa ndiyo inayotajwa mara nyingi zaidi. “Elfu mia mbili na tano” ni ngumu zaidi: ni 205,000 au ni 200,005? Neno elfu limeufungua mlango, lakini katika maneno yenyewe hakuna kinachoonyesha mlango umefungwa wapi. Kiunganishi “na” hakisaidii, maana hutumika ndani ya maelfu na nje yake pia. Msemaji mwangalifu hutafuta njia nyingine. Huweka kituo cha sauti. Au hugeuza mpangilio, akasema ishirini elfu na tano. Au hulikimbilia neno laki, akasema laki mbili na elfu tano, na utata ukaisha.

Laki linastahili neno lake. Limetufikia kutoka Bara Hindi, ambako huandikwa kwa kugawa tarakimu kwa namna nyingine: baada ya tarakimu tatu za mwisho, huendelea mbili mbili, hivyo laki moja huwa 1,00,000. Sisi tuliliazima neno, tukaacha uandishi wake. Kwa hiyo msomaji wetu akikutana na 350,000 huona koma baada ya tarakimu tatu za kwanza, lakini kinywani husema laki tatu na nusu, au laki tatu na elfu hamsini. Jicho limegawa mahali pamoja na ulimi mahali pengine. Sisemi kwamba tuirudie namna ya Kihindi. Nasema tu kwamba koma kwetu haikuwekwa kufuata maneno. Ina kazi ambayo maneno hayaifanyi.

Kazi hiyo huonekana zaidi penye sifuri. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 Mkoa wa Rukwa ulihesabiwa kuwa na watu 1,004,539. Isomeni kimoyomoyo: milioni moja, elfu nne, mia tano thelathini na tisa. Sifuri mbili zilizo kati ya milioni na elfu hazikutamkwa na mtu yeyote. Mwanafunzi akisomewa namba hii kwa imla aiandike kwa tarakimu bila koma, ni rahisi sana aandike 14539 au 104539. Nimeyaona yote mawili darasani, na si kwa wanafunzi wadogo. Koma humlazimisha aandikaye kujaza nafasi tatu kila baada ya alama, na kwa njia hiyo sifuri ambazo ulimi umezimeza huokolewa na mkono.

Nukta ya desimali ina tabia tofauti kabisa. Yenyewe hutamkwa. Tunasema tatu nukta moja nne. Tena ikishatamkwa hubadilisha namna ya kusoma: kabla yake tunasoma kwa thamani ya nafasi, mamia na makumi, na baada yake tunataja tarakimu moja moja kama mtu asomaye namba ya simu. Hakuna asemaye “tatu nukta kumi na nne”, na anayesema hivyo hurekebishwa. Basi tuna alama mbili zinazofanana sana kwa umbo, zinazotofautiana kwa kimkia tu, nazo kiisimu ni vitu viwili visivyo na undugu: moja ni neno lililoandikwa kwa alama, nyingine ni kituo kisicho na neno. Kuweka moja mahali pa nyingine, kama nilivyofanya mimi, ni kufuta neno katika sentensi na kuweka pumzi mahali pake.

3.0 Tulikozitoa

Ufipa ni mahali pazuri pa kutazamia historia ya alama hizi, kwa kuwa katika muda wa maisha ya mtu mmoja zilipita huko desturi tatu. Mapadre Weupe waliingia Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, wakiwa na desturi ya Kifaransa: koma kwa desimali, na nafasi wazi au nukta kwa maelfu. Kisha ukaja utawala wa Wajerumani, uliokuwa na kituo chake Bismarckburg, mahali panapoitwa Kasanga. Wajerumani nao huandika koma kwa desimali na nukta kwa maelfu. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalikitwaa kituo hicho, na desturi ikapinduka: nukta ikawa ya desimali, koma ikawa ya maelfu. Kwa hiyo 1.500 iliyoandikwa na karani wa Bismarckburg ilikuwa elfu moja na mia tano, na miaka michache baadaye, palepale Kasanga, maandishi yale yale yakawa moja na nusu.

Lakini tusidhani kwamba wino ulimwagika kila mahali siku ile. Katika fedha, ambazo ndizo hesabu ambazo watu wengi waliziandika, desimali haikuwa na nafasi kubwa hapo mwanzo. Rupia ya Wajerumani iligawanywa kwa pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipoanza kugawanywa kwa heller 100. Kitu kinachogawanyika kwa 64 hakiandikwi kwa nukta. Huandikwa katika safu mbili, rupia kwake na pesa kwake. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1921, ikiwa na senti 100, ingeweza kuandikwa kwa nukta tangu siku ya kwanza. Haikuandikwa hivyo. Ilirithi mshazari, au mkwaju kama wengine wanavyouita, kutoka kwenye desturi ya shilingi na peni ya Uingereza. Tukapata 7/50, shilingi saba na senti hamsini, na 7/=, shilingi saba bila senti.

Mkwaju huu naupenda, na naomba mniruhusu nikae nao kidogo. Kwa umbo unafanana na desimali, kwa lugha sivyo. Hakuna aliyewahi kusoma 7/50 kuwa “saba nukta tano sifuri”. Ilisomwa kwa majina mawili ya fedha, kila moja na idadi yake nzima, kama zamani za rupia na pesa. Ndiyo maana senti tano ziliandikwa 7/05, kamwe si 7/5. Senti zimetoweka mifukoni kwa sababu ya kushuka kwa thamani ya fedha, lakini alama ya /= imebaki, na katika stakabadhi za mkono ina kazi ya maana: hufunga mwisho wa namba ili mtu asiongeze sifuri. Baada ya koma inayofunga maelfu, tuna hapa alama inayoifunga namba nzima. Wahariri wanaoiita uchafu wa masoko wangefaa kwanza waulize inafanya nini. Katika jedwali lililochapwa, hata hivyo, ambako hakuna kalamu ya kuongeza kitu, kuirudia katika kila mstari huzisukuma tarakimu mbali na ukingo wake, na hapo naiondoa mwenyewe bila majuto.

Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilianza kazi ya kusanifisha tahajia ya maneno yetu. Alama za tarakimu zilikuja kwa njia nyingine, ndani ya vitabu vya hesabu vya Kiingereza na daftari za hazina, zikakaa. Huenda ndiyo sababu wanaisimu wetu wameziona kuwa mali ya mtu mwingine.

4.0 Ng’ambo ya ziwa na ng’ambo ya bahari

Hadi hapa mtu anaweza kusema kwamba mambo yamekwisha: Tanzania, Kenya na Uganda zina desturi moja, koma kwa maelfu na nukta kwa desimali, na mhariri mzembe ajilaumu mwenyewe. Ingekuwa hivyo kama Kiswahili kingeishia hapo.

Simameni Karema mtazame magharibi. Ng’ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, na huko kuna Waswahili wengi waliosoma kwa Kifaransa. Kwao koma ndiyo ya desimali. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Burundi, yenye desturi hiyo hiyo ya Kifaransa, ilikuwa imeingia tangu 2007. Hivyo ndani ya jumuiya moja, katika lugha moja, namba 1,500 ina maana mbili, na tofauti baina yake ni mara elfu. Programu za kompyuta zimelitambua jambo hili kabla yetu. Katika hazina ya data za lugha ya Unicode, ambayo programu nyingi huitegemea, Kiswahili cha Tanzania, Kenya na Uganda kimewekewa nukta kwa desimali na koma kwa maelfu, na Kiswahili cha Kongo kimewekewa kinyume chake. Kompyuta iliyowekwa kwa Kiswahili cha Kongo ikiandikiwa 12.000 ya karani wa Muze, itaisoma kuwa elfu kumi na mbili, bila mhariri yeyote kuigusa.

Sasa geukeni mashariki. Rial ya Oman hugawanywa kwa baisa 1,000, si 100. Kwa hiyo bei za dukani Muscat huwa na tarakimu tatu baada ya nukta: 1.500 ni rial moja na baisa mia tano, yaani moja na nusu. Waswahili wa Oman wanaisoma hivyo kila siku sokoni. Ndugu yao wa Zanzibar akiandikiwa barua yenye 1.500 ataielewa, maana nukta kwao wote ni ya desimali. Ila huenda akajiuliza sifuri mbili za mwisho ni za nini, kama nilivyopaswa kujiuliza mimi juu ya sifuri za mizani.

Wale miongoni mwenu wanaohariri miswada ya hati za Kiarabu wana mtego mwingine. Katika tarakimu za Kiarabu zinazotumika mashariki, sifuri huandikwa kwa nukta: kumi ni ١٠. Ukiikuta nukta baada ya tarakimu katika tarehe ya Hijria au katika hesabu ya pembe na nguo, hiyo si desimali wala kituo cha sentensi, ni sifuri, na ukiiacha umeigawa namba kwa kumi. Katika miswada iliyotoboka au kufifia, sifuri ndiyo ya kwanza kupotea.

5.0 Kwenye meza ya mpangachapa

Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, uliofanyika mwaka 2003, ulikubali kwamba alama ya desimali iwe ama nukta ama koma, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuwaunganisha watu katika hilo. Lakini ulisisitiza jambo jingine: tarakimu zikigawanywa tatu tatu kwa urahisi wa kusoma, ziachiwe nafasi wazi, pasiwekwe nukta wala koma ndani ya nafasi hiyo. Kwa njia hii 12 000 haiwezi kuwa kumi na mbili kwa mtu yeyote, wa Sumbawanga, wa Kalemie wala wa Muscat.

Je, tuifuate? Jibu langu ni la pande mbili, na najua baadhi yenu halitawaridhisha. Katika maandishi ya kawaida, gazetini na vitabuni mwetu, naibakiza koma ya maelfu. Imeshazoeleka, wasomaji wameijifunza shuleni, na nafasi wazi ikiandikwa na mtu asiye mwangalifu hukatika mwisho wa mstari, 12 ikabaki juu na 000 ikashuka chini. Katika jedwali linalotarajiwa kuvuka ziwa au bahari, natumia nafasi finyu isiyokatika kwa maelfu na nukta kwa desimali, na chini ya kichwa cha jedwali naandika sentensi moja ya kueleza hivyo. Sentensi hiyo haigharimu kitu, na bado ni nadra kuikuta.

Lakini alama si kila kitu. Tazameni jedwali hili dogo, ambalo nimelitengeneza kwa matokeo ya sensa za 2012 na 2022. Safu ya mwisho nimeikokotoa mwenyewe kwa kuigawa idadi ya 2022 kwa ile ya 2012.

| Eneo | 2012 | 2022 | Ongezeko (mara) |
|---|---:|---:|---:|
| Rukwa | 1,004,539 | 1,540,519 | 1.534 |
| Zanzibar | 1,303,569 | 1,889,773 | 1.450 |
| Tanzania nzima | 44,928,923 | 61,741,120 | 1.374 |

Kila alama hapa imewekwa kwa usahihi. Hata hivyo jicho lililozoea vikundi vya tarakimu tatu tatu, likitoka kwenye safu mbili zilizojaa vikundi hivyo, hufika kwenye 1.450 na kukiona kikundi kingine. Mashine ya kunakili karatasi ikikata vimkia vya koma, na mashine zetu nyingi hukata, jedwali zima huwa na nukta tupu na hakuna tena kitu cha kumwonya msomaji. Dawa yake haimo katika alama, imo katika idadi ya tarakimu. Nikiandika 1.53, 1.45 na 1.37, safu ile haiwezi kusomwa kuwa maelfu hata koma zote zikigeuka nukta na nukta zote zikigeuka koma, kwa sababu hakuna maelfu yenye tarakimu mbili mwishoni. Tena hatujapoteza chochote. Hakuna mtu anayehitaji kujua ukuaji wa Zanzibar hadi sehemu ya elfu. Laiti ningewafundisha wapangachapa wetu kanuni moja tu, ningewafundisha hii: tarakimu tatu baada ya nukta ziepukwe popote inapowezekana, na pasipowezekana, kizio kibadilishwe, kilo ziwe gramu.

Yaliyobaki ni ya mkono. Safu ya desimali ipangwe nukta chini ya nukta, na kila mstari uwe na idadi moja ya tarakimu baada ya nukta. Namba nzima zipangwe kwa ukingo wa kulia. Kupanga namba katikati ya safu ni kosa ambalo programu za kompyuta hulirahisisha mno, nalo huifanya 980 ionekane kubwa kama 12,400. Tarakimu ziwe za upana mmoja, maana katika chapa nyingine 1 ni nyembamba kuliko 8, na makumi hayakai chini ya makumi. Namba ya tarakimu nne ipewe koma ikiwa katika safu hiyo hiyo kuna ya tarakimu tano. Miaka isipewe koma kamwe. Nimewahi kuiona “mwaka 2,012” imechapwa katika ripoti, kazi ya kompyuta iliyoamriwa kuipanga safu nzima kwa mtindo mmoja, na hakuna jicho lililoipitia. Na anayehamisha jedwali kwa faili ambalo hutenganisha safu kwa koma aziondoe kwanza koma za maelfu, la sivyo 12,400 itaingia katika safu mbili, 12 huku na 400 kule, na safu zote zinazofuata zitasogea hatua moja.

Vizio navyo vikae kwenye kichwa cha safu. Kichwa kikisema “Thamani (Sh. milioni)”, 1.5 iliyo chini yake husomeka vizuri, na mtu ataisema milioni moja na nusu bila hata kuitaja nukta.

Kwa sababu hiyo narudi Muze. Tulilichapa upya jedwali lile, safu ya mbegu ikiwa na tarakimu moja baada ya nukta: 12.0 kwa mkulima yule, 4.5 kwa aliyemfuatia, na kuendelea. Niliposhuka tena bondeni na prufu ya pili nilikuwa na wasiwasi juu ya ile sifuri. Nilidhani wasomaji wangeiona haina kazi, au mbaya zaidi, wangeisoma 120. Nikamwomba mama yule yule asome. Alifika kwenye mstari wake, akaiangalia safu kuanzia juu hadi chini, akasema: “Kumi na mbili kamili.” Akateremka mstari mmoja: “Nne na nusu.”

Neno hilo la saa, kamili, sikuwa nimeliweka popote katika maelezo ya kijitabu. Katika chapa ya mwisho niliongeza mstari mmoja chini ya jedwali, unaosema kuwa 12.0 husomwa kumi na mbili kamili.